Nguzo zimepinda, vijana ni wageni wa kazi: uanzie wapi kurekebisha fensi

Swali la msomaji: Nimechukua kazi ya kuzungushia fensi ya waya shamba la ekari mbili wilayani Bagamoyo, mita 120 kwa 68, nguzo za zege. Nina vijana sita, na mmoja tu ndiye aliyewahi kuishika kazi hii. Leo Jumatano, siku ya tatu, nilikwenda kufuata saruji. Niliporudi nikakuta nguzo 14 za upande mrefu zimetoka kwenye mstari, za katikati zimeingia ndani kama sentimita 12. Nguzo tatu matundu yake yametazama kando. Nguzo ya kona tuliyoimwagia zege jana imeinama, kwa sababu walijaribu kuvuta waya. Nilifoka sana na wawili wakaondoka. Mwenye shamba anakuja Jumamosi. Nianzie wapi, na hasara hii anaibeba nani?

Jibu: Anzia kwenye kona, na uanze sasa hivi. Kama waya bado umevutwa, ulegeze polepole. Usiukate. Waya uliokazwa ukikatwa unaruka kama fimbo, na anayeumia kwa kawaida ni yule aliyesimama kwenye njia yake. Waondoe watu wote kwenye mstari wa waya, alegeze mtu mmoja, avae glovu na miwani. Ukishalegea, simika miti miwili ya kuegemeza ile nguzo isiendelee kulala, kisha uiache mpaka kesho asubuhi.

Kazi ya pili ya leo ni kuuliza. Nenda kwenye zile nguzo 14 pamoja na vijana waliobaki, uliza moja moja ilimwagiwa zege saa ngapi. Uliza kwa sauti ya kawaida, maana unahitaji jibu la kweli. Kosa la fensi bei yake inategemea saa lilipogunduliwa. Kabla ya zege, kuihamisha nguzo ni dakika tano. Ndani ya saa moja tangu zege lilipotiwa maji, bado unaweza kuisukuma nguzo, kuinyoosha kwa pima maji na kushindilia upya. Baada ya hapo zege linaanza kukamata, na hapo ndipo vijana wengi huharibu zaidi: wanaisukuma nguzo saa tatu baadaye, inasogea, inaonekana imenyooka, kumbe imeachana na zege lake na limebaki tundu la kuingiza maji kuizunguka. Nguzo ya namna hiyo itacheza siku waya unapovutwa. Yoyote waliyoisukuma hivyo leo mchana, itie alama ya chaki, itang'olewa.

Hii ndiyo sababu kufoka kunagharimu fedha. Kijana anayeogopa haiti mtu akiona kamba imesogea. Anamwaga zege haraka, anafunika kwa udongo, anahamia shimo la pili. Mkijenga ukuta wa tofali, kosa linabaki wazi mpaka mpige plasta. Kwenye fensi kosa linazikwa dakika ileile. Kwa hiyo kazi yako kubwa ya usimamizi kuanzia kesho ni kuhakikisha kosa linasemwa kabla zege halijaingia shimoni.

Sasa zile nguzo 14. Umbo la kosa linakuambia chanzo chake. Mstari ukienda kama nyoka, huku na huku, kila nguzo ilisimamishwa kwa jicho, au ilipimwa kabla ya kushindilia na haikupimwa tena baadaye. Mstari ukiwa umenyooka kisha ukakatika ghafla na kuendelea pembeni, kigingi cha kamba kiling'oka na mtu akakirudisha kwa kukisia. Wa kwako ni upinde, na upinde ni wa kamba. Kuna sababu mbili za kawaida. Ya kwanza, kamba ya mita 120 iliyofungwa ncha mbili tu inasukumwa na upepo, na ukanda wa pwani upepo wa mchana si mchezo. Ya pili, nguzo za mwanzo ziliigusa kamba kutoka upande wa nje zikaisukuma ndani kidogo, ya tano ikapangwa kwa kuifuata kamba iliyokwisha kusukumwa, ikaongeza yake, na kuendelea. Kila kijana alifanya kama ulivyomwagiza, aliifuata kamba. Kamba ndiyo iliyodanganya.

Dawa yake ni kupiga kigingi cha kati kila mita 30, na nguzo isiiguse kamba kamwe. Kata kibao chembamba cha unene wa sentimita moja. Nguzo inasimama pale kibao kinapopita kwa shida kidogo kati yake na kamba. Nguzo zote zikae upande mmoja wa kamba. Na kamba usiifunge kwenye nguzo ya kona, hasa hiyo yako iliyolala. Ifunge kwenye vigingi ulivyovipima upya kutoka kwenye bikoni, yaani zile alama za mpaka zilizowekwa na mpima ardhi. Ukipima kutoka kwenye nguzo iliyoinama utanyoosha upande mzima kufuata kosa.

Tukiwa kwenye bikoni: hakikisha hakuna kijana aliyeichimba au kuisogeza ili kupata nafasi ya nguzo. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa kisheria, na ni njia ya haraka ya kumwingiza mteja wako kwenye ugomvi na jirani. Nguzo ya kona ikae ndani ya bikoni, mbali kiasi cha kutosha shimo lake lisiiguse. Upinde wako umeingia ndani, hiyo ni nafuu. Ungekuwa umetoka nje ya mpaka, hakuna ambacho kingebaki zaidi ya kuzing'oa zote.

Kesho asubuhi vuta kamba mpya na upime kila nguzo imetoka kiasi gani, uandike namba kwenye nguzo yenyewe kwa chaki. Iliyotoka sentimita 2 au 3, iache; kwenye fensi ya waya hakuna jicho litakaloiona. Za ncha mbili za upinde zitaangukia humo. Kuanzia sentimita 5, irekebishe, kwa sababu waya ukivutwa unataka kunyooka na utaisukuma nguzo hiyo kwa miaka yote. Ya sentimita 4 amua kwa kuangalia jirani zake.

Usikimbilie kuzinyanyua. Shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 60, likitoa nafasi ya nguzo ya sentimita 10 kwa 10, linabeba zege kama lita 48, yaani uzito wa kilo 115 hivi. Nguzo ya mita 2.4 nayo ina karibu kilo 58. Ukimwambia kijana mgeni ainyanyue, ama atapasua nguzo ama ataumia mgongo. Kama zege limeshakuwa gumu na halijapasuka, isogeze ikiwa imesimama: chimba upande inakotakiwa kwenda, mpaka kina chote cha sentimita 60, upana uzidi kidogo kiasi inachotakiwa kusogea. Ingiza mitaimbo miwili upande wa pili, chini kabisa ya bonge la zege, sukumeni kwa pamoja huku mmoja akiishika nguzo juu. Ikifika, ipime kwa pima maji pande mbili zinazopakana, halafu jaza uwazi uliobaki nyuma kwa zege, si kwa udongo mlegevu. Watu watatu wakishajua mtindo, nguzo 10 zinakwisha kwa siku moja. Ukiing'oa kabisa, shimo litapanuka mpaka 50 kwa 50 na litakula mfuko mzima wa saruji, wakati shimo la kawaida linakula theluthi ya mfuko.

Zile tatu zilizogeuka zinategemea aina ya nguzo. Kama kichwa kimenyooka, ziache. Badala ya kupitisha waya wa kufungia tunduni, zungusha waya wa mabati wa milimita 2.5 kwenye nguzo nzima na ubane nao waya mlalo. Kama nguzo zina shingo iliyopinda ya kubebea seng'enge, hakuna njia ya mkato, shingo itatazama jirani yake na lazima zitoke. Chanzo chake kwa kawaida ni kwamba hakuna aliyewaambia tundu litazame wapi. Piga alama ya rangi upande wa ndani wa kila nguzo ikiwa bado imelala chini. Kopo dogo la rangi linatosha nguzo zote 125.

Sasa kona, ambayo ndiyo kosa kubwa kuliko yote. Angalia kama nguzo imelala pamoja na bonge lake la zege au imepasuka usawa wa ardhi. Ikiwa na ufa unaozunguka, haifai tena kwa kona; usiitie viraka. Ikiwa nzima, chimba upya 50 kwa 50, kina 75 hadi 80. Kona inahitaji tegemeo mbili za mshazari, moja kwa kila upande wa fensi, kila moja ikikaa kwenye mstari wa waya wake. Kichwa cha tegemeo kinagusa nguzo kwenye theluthi mbili za kimo chake kutoka chini, mguu unalala kwa nyuzi 45 ndani ya shimo lake la sentimita 30 kwa 30 kwa 45, na zege la mguu lisukume udongo ambao haujawahi kuchimbwa. Tegemeo iliyokalia udongo wa juujuu ni pambo tu. Pande zako za mita 120 zinataka pia nguzo ya kuvutia waya katikati, kwenye mita 60, yenye tegemeo pande zote mbili. Zege la kona na la nguzo za kuvutia likae siku 7 likimwagiliwa maji asubuhi na jioni, ndipo waya uguswe. Vijana wako walivuta baada ya siku moja kwa sababu kwa macho na kwa kidole lilionekana gumu. Zege la siku moja ni gumu kwa kidole, si kwa mvuto wa waya.

Kuhusu zege lenyewe, nakuomba ulikague hata kama hukulitaja, maana mahali nguzo zilipoharibika kwa haraka, na zege huharibika. Kipimo cha 1:2:4 kwa ndoo za lita 20 ni hivi: mfuko mmoja wa kilo 50, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji ndoo moja na robo. Ndoo moja na nusu ndio mwisho, na mchanga ukiwa umenyeshewa punguza. Mfuko unatosha mashimo matatu. Hesabu mifuko mitupu na mashimo: ikiwa mfuko umetosha mashimo matano, ama mashimo ni mafupi ama zege ni mchanga mtupu. Anayekoroga kwa mara ya kwanza huongeza maji ili koleo lisimchoshe, na mchana hulilainisha kwa maji zege lililoanza kukauka. Korogeni mfuko mmoja mmoja, usizidi, mpaka muizoee kazi.

Kuna ukaguzi mwingine wa bure. Vuta kamba ya pili juu ya vichwa vya nguzo. Nguzo iliyozidi sentimita 15 inakuambia kwamba shimo lake lina upungufu wa sentimita 15. Kijana alikutana na jiwe akanyamaza. Mbaya zaidi ni nguzo iliyo sawa na wenzake lakini imekatwa kitako. Tafuta vipande vya nguzo vilivyotupwa vichakani.

Tuje kwa watu. Wale wawili walioondoka, wafuate leo jioni. Walipe siku walizofanya, hata kama hawarudi, na uwaambie ulikosea kuwafokea. Wameshajifunza siku tatu. Ukiwachukua wengine wapya unarudi pale ulipoanzia Jumatatu. Kesho, kabla ya chombo chochote kushikwa, simika nguzo moja wewe mwenyewe wakikutazama, kuanzia kamba mpaka zege, taratibu. Hiyo iwe nguzo ya mfano. Kijana akiwa na shaka anaenda kuiangalia badala ya kubahatisha.

Kisha gawa kazi kwa mtu, usiigawe kwa mstari. Wawili wachimbe, wakiwa na kijiti kilichokatwa sentimita 60 sawasawa. Kijiti kisipozama chote, shimo halijakwisha. Waonye pia kuhusu shimo la umbo la faneli, pana juu na jembamba chini: linameza zege juu na kuiacha nguzo bila mguu. Kuta ziende wima. Wawili wakoroge na kumwaga. Mmoja asimamishe nguzo. Na yule mmoja mwenye uzoefu umpe pima maji na umwondoe kwenye koleo kabisa. Utaona kama unapoteza mikono yenye nguvu kuliko yote, lakini yeye ndiye atakayekuwa jicho lako ukienda dukani. Sheria iwe moja tu: zege haliingii shimoni mpaka mwenye pima maji aseme “mwaga”. Akague shimo, akague nguzo kabla ya zege, halafu aipitie tena dakika 20 baada ya kushindilia, maana kushindilia ndiko kunakoipindisha.

Umbali kati ya nguzo usiachie vijana wapime kutoka nguzo hadi nguzo. Mmoja atapima kati kwa kati, mwingine ukingo kwa ukingo. Ukingo kwa ukingo unaongeza sentimita 10 kila nafasi. Baada ya nafasi 30 umepotea mita 3 nzima, na nguzo moja haina pa kukaa. Tandaza tepu kutoka mwanzo wa upande, piga vijiti kwenye mita 0, 3, 6, 9 mpaka mwisho, wewe mwenyewe, kabla shimo la kwanza halijachimbwa.

Kosa likitokea tena, na litatokea, simamisha mstari huo peke yake. Usiulize “nani kaharibu?” Sema, “Mdogo wangu, nioneshe ulivyopima.” Rudi nyuma nguzo moja moja mpaka uikute iliyo sawa; chanzo kiko kati ya hiyo na inayofuata. Aliyekosea arekebishe mwenyewe, wewe ukiwa pembeni, na wengine waendelee na kazi yao. Kukemea mbele ya wenzake usifanye. Jambo moja tu ndilo ufoke bila kusita: usalama. Mtu aliyesimama kwenye njia ya waya unaovutwa, au anayepiga sululu mahali mwenye shamba alisema bomba la maji linapita, mpigie kelele hapohapo.

Kama unawalipa kwa shimo, badilisha. Malipo ya shimo yanafundisha mashimo mafupi. Mgeni mlipe kwa siku mpaka mkono wake ukae sawa, halafu ukipenda mlipe kwa nguzo iliyopita ukaguzi.

Hasara ni yako. Ulichukua kazi kwa mkataba na uliwaacha bila mtu wa kukagua. Kuwakata ujira kienyeji usithubutu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaruhusu makato ya hasara pale tu ambapo imesababishwa na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, umemweleza kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, umempa nafasi ya kupinga, amekubali makato hayo kwa maandishi, na makato hayazidi robo ya ujira wake. Kwa kamba iliyosukumwa na upepo hutaweza kumwonesha mtu kosa lake. Kwenye kazi zijazo za vijana wapya, weka kwenye bei yako akiba ya moja ya kumi ya saruji na nguzo sita za ziada kwa kila mia, kwa sababu nyingine zitapasuka tu kwa kubebwa vibaya. Nguzo ya zege ibebwe na watu wawili, wakiishika robo ya urefu kutoka kila ncha, na isitupwe chini.

Mwenye shamba mpigie leo, usisubiri Jumamosi. Mwambie nguzo ngapi zimetoka, kwamba gharama ni yako, na kwamba waya hautavutwa wiki hii. Kesho rekebisha kona pamoja na tegemeo zake, na uanze kusogeza zile nguzo za upinde, Ijumaa umalizie. Akifika Jumamosi msimamishe kwenye kona, aangalie kamba ya chini na ya juu akiwa ameinama usawa wa macho. Kona ikimwagiwa zege Alhamisi hii, waya uvutwe kuanzia Alhamisi ijayo: kwanza nyaya mlalo tatu, juu, kati na chini, ukivuta upande mmoja kidogo na upande wa pili kidogo ili kona isielemewe na upande mmoja, ndipo wavu ufuate. Roli mbili mziunge kwa kuzungusha uzi mmoja wa wavu kama skrubu kupitia macho ya pande zote. Waonesheni vijana hilo kwenye kipande cha mita moja kwanza, maana asiyejua huchukua mkasi na kukata macho.